Eli Nyepesi ya Kiangazi Yenye Maua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapishi wa Nyumbani Nairobi

Kila Desemba, mvua za vuli zikishakwisha na jua la Januari likikaribia, maswali huwa ni yale yale. Nimeyajibu hapa, mengine kwa kirefu na mengine kwa mkato, kulingana na uzito wake. Vipimo vyote ni vya lita 10 za bia iliyo tayari, na nyuzi zote ni za Selsiasi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hewa ya Nairobi inaifaa eli kuliko hewa ya miji mingi, na bia ya maua huharibika kwa sababu tatu kuu, nazo ni maua mengi mno, maua yaliyotiwa mapema mno, au maua yasiyo chakula.

Eli ya kiangazi ni bia ya namna gani?

Bia nyingi za baa zetu, Tusker ikiwemo, ni laga. Laga huchachuka polepole kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13, kisha hulazwa wiki kadhaa kwenye baridi kali zaidi. Eli hutumia hamira ya aina nyingine, inayofanya kazi yake vizuri kati ya nyuzi 17 na 21, na huwa tayari mapema. Hilo ndilo joto la sebule ya Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka, bila friji wala mashine yoyote. Mtu wa Mombasa anayetaka kupika eli hana budi kutafuta namna ya kuipoza; wewe unaiweka kabatini tu.

Eli ya kiangazi ni tawi jepesi la ukoo huo: rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, uchungu wake ni wa kiasi, na kilevi chake ni asilimia 4 hadi 4.5. Huko Uingereza bia hii ilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1980, wapishi wadogo walipotafuta eli ya kumvuta mnywaji wa laga msimu wa joto. Summer Lightning ya kiwanda cha Hop Back hutajwa sana katika habari hiyo. Kwa kuwa ni nyepesi mdomoni, kasoro haina pa kujificha, na kwa sababu hiyo hiyo ua likitiwa vizuri husikika.

Hopsi zipo tayari. Maua mengine ya nini?

Hopsi, zinazoipa bia uchungu wake, zenyewe ni maua, maua ya mmea jike wa mtambaazi unaopenda siku ndefu za kiangazi cha kaskazini. Ndiyo sababu hapa kwetu, penye mwanga wa saa 12 mwaka mzima, hazistawi vizuri na hulazimika kuagizwa. Kabla hazijatawala, wapishi wa Ulaya walitia mitishamba na maua ya porini kwenye bia. Bavaria ilitoa amri mwaka 1516 kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, lakini Wabelgiji hadi leo hutia giligilani na ganda la chungwa. Kwetu, muratina hupata tabia yake kutokana na tunda la mti wenye jina hilo hilo, likakutana na asali. Kwa hiyo kutia mmea wenye harufu ndani ya kinywaji si jambo geni, huku wala kule.

Sheria inasemaje?

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mututho, inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza kinywaji chenye kilevi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Kabla ya kununua hata ndoo, nenda ofisi ya leseni za vileo ya kaunti, ueleze kwamba unataka kupika lita chache za mezani kwako, usikie jibu lao. Kuuza bila leseni, hata chupa moja kwa jirani, usikufanye kabisa. Ukiambiwa hapana, ujuzi huu bado una mahali pake: viwanda vidogo vya bia vyenye leseni vipo mjini, na baadhi yao hupenda mtu anayejua maua.

Mama yangu anasema pombe ya nyumbani hupofusha. Nimwambie nini?

Kwanza mwambie hofu yake ina msingi. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, na wengine wakapoteza macho, kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Ila methanoli ile haikutoka kwenye nafaka iliyochachuka. Ni kemikali ya viwandani inayotiwa na wauzaji ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Kimea cha shayiri kikichachushwa kwa hamira safi hakitoi methanoli ya kumdhuru mtu.

Kisha mwoneshe unachopika: kimea, hopsi, maua, maji, hamira. Anayetoka upande wa Magharibi atakumbuka busaa ya nyumbani kwao, nayo huanza na kimea vilevile. Na umwahidi jambo moja ulitimize: hutakeneka. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake iwe kali, ni kazi nyingine, yenye hatari ya moto na ya sumu, na sheria yake ni nyingine.

Ni maua gani yanafaa, na kwa kiasi gani?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, kwa hiyo nivumilie.

Rosela ndiyo naipendekeza kwa anayeanza. Inapatikana ikiwa imekaushwa Eastleigh, ambako wengi huiita karkadee, na katika maduka ya viungo. Kinachotumika si petali bali ule mkoba mwekundu mnene unaobaki ua likishaanguka. Chagua iliyo na rangi ya zambarau nzito na inayokatika kwa mlio ukiikunja. Iliyogeuka kahawia na kuwa laini imezeeka. Gramu 40 kwa lita 10 hutoa bia ya waridi yenye uchachu mwepesi. Ukifika gramu 60 unaanza kunywa rosela yenye kilevi badala ya bia. Haibiskasi ya ua la nyumba, ile ya kwenye fensi yenye maua makubwa mekundu, ni ndugu yake tu. Haina ule uchachu, na huenda mtunza bustani ameipulizia dawa.

Kamomili ina harufu ya tofaa na asali, nayo inapatana na kimea cha ngano kuliko ua lolote ninalolijua. Gramu 10 hadi 12 za vichwa vilivyokaushwa zinatosha. Nunua vichwa vizima, si ile iliyosagwa ndani ya mifuko ya chai, kwa sababu unga hutoa uchungu wa mti. Na hapa nasisitiza kwa herufi nzito kama ningeweza: pareto ina petali nyeupe na kitovu cha njano vilevile, na ni mmea unaolimwa nchini ili kuua wadudu. Ukipewa maua mabichi mashambani ukaambiwa ni kamomili, pasua kichwa kimoja kwa ukucha. Kitovu cha kamomili halisi ya chai kina uwazi ndani, na kikisagwa kidoleni kinanukia tofaa. Kama huna hakika, usiyatumie. Kamomili ya duka la vyakula ndiyo salama.

Asumini ya pwani hufunguka jioni na harufu yake hukolea usiku, kwa hiyo anayekutumia kutoka Mombasa au Lamu aichume machweo na iletwe ikiwa baridi. Konzi mbili za maua mabichi, vikonyo vimeondolewa, zinatosha lita 10. Usitumie maua ya vikuba, maana huenda yameguswa na mafuta ya manukato. Wala usitumie mmea wowote wa uani unaonukia usiku kwa sababu tu watu wanauita asumini. Baadhi yao wana sumu.

Lavenda huniogopesha hata baada ya kuizoea. Gramu 3 ni bustani, gramu 8 ni sabuni. Waridi lililokaushwa kwa ajili ya chai, gramu 10, hutoa harufu nzuri lakini hupotea upesi chupani. Maua ya mlimau na mchungwa, kama una mti wako usiopuliziwa dawa, ni zawadi kubwa. Konzi moja yatosha.

Na jakaranda? Mji mzima huwa zambarau mwezi wa Oktoba.

Yaache yapambe barabara. Jakaranda si ua la chakula, harufu yake ni hafifu, na yaliyoanguka yamelala kwenye vumbi na moshi wa magari. Oleanda, lantana na yale maua makubwa meupe yanayoning'inia mfano wa tarumbeta yana sumu ya kweli. Yasikaribie sufuria hata kwa majaribio.

Waridi za Naivasha ni rahisi sana mtaani. Kwa nini nisizitumie?

Kwa sababu zilikuzwa ziangaliwe, si ziliwe. Ua la kukatwa hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu, nazo hazikupimwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Kuosha hakutoshi. Ua la bia litoke dukani linapouzwa kama chakula au chai, au kwenye mmea unaoujua tangu mche.

Vifaa gani nianze navyo?

Sufuria ya lita 20, ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana, kipimajoto, mizani ndogo ya gramu, haidromita (chombo kinachoelea na kuonesha sukari iliyomo kwenye bia), mpira safi wa kunyonyea, na kifaa cha kubania vizibo kama unatumia chupa za kioo. Mfuko wa kuchujia usiuagize nje. Nunua mita mbili za neti nyeupe ya pazia, iliyofumwa kwa karibu, umpelekee fundi wa cherehani mtaani akushonee mfuko unaoingia sufuria nzima, mshono wa mara mbili chini. Uchemshe kabla ya kuutumia mara ya kwanza ili rangi na wanga wa kiwandani vitoke.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake hufanya kazi, ila huchelewa kuchemsha lita 15 na sufuria nzito juu yake huyumba. Jiko la chini lenye miguu mipana ni salama zaidi. Ukikaa ghorofani, fungua madirisha, na mwambie keateka mapema, kwani harufu ya kimea kinachochemka hufika ngazi zote.

Kimea, hopsi na hamira nitavipata wapi? Hamira ya mandazi je?

Shayiri ya bia hulimwa Narok, Timau na Uasin Gishu, lakini kimea chake huenda viwandani kwa magunia makubwa. Kwa kilo mbili tatu, waulize wauzaji wa mtandaoni au kiwanda kidogo cha bia kilicho karibu nawe. Kama hukipati, tumia unga mkavu wa sharubati ya kimea, kilo 1.1 kwa lita 10. Utaruka hatua ya kuloweka na bia itakuwa nzuri.

Kimea cha wimbi au mtama kinachouzwa kwa wapishi wa busaa ni kitu kizuri, lakini hakichukui nafasi ya shayiri moja kwa moja. Wanga wa mtama huhitaji joto kubwa zaidi ili ulainike, na kimea chake kina upungufu wa kimeng'enya kimojawapo kinachotengeneza sukari. Tia gramu 200 ukitaka ladha ya nyumbani, shayiri ikibaki mhimili.

Hamira ya mandazi itachachusha, hilo halina ubishi. Ila haitulii chini vizuri, bia hubaki na ukungu na ladha ya mkate, na ua lako linazama humo. Nunua pakiti ya hamira kavu ya eli, isiyo na harufu kali. Pakiti ya gramu 11 hivi hutosha lita 20, kwa hiyo nusu yake inakutosha. Inayobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji, uitumie upesi.

Maji ya mfereji yanafaa?

Yanafaa sana. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, kwenye mito ya milima ya Aberdare, nayo ni maji laini yanayopendwa na bia nyeupe. Tatizo lake ni klorini, ambayo ikikutana na kimea huzaa ladha ya dawa ya hospitali. Mimina maji kwenye ndoo pana usiku uliotangulia, uyaache wazi. Au yachemshe na kuyapoza.

Maji ya kisima kirefu ni habari nyingine. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Kama maji ya jengo lenu ni ya kisima, au ya boza lisilojulikana limejaza wapi, nunua ya kunywa kwa siku hiyo.

Naomba utaratibu mzima, tangu maji hadi hamira.

Pasha lita 15 za maji hadi nyuzi 69, uzime moto. Tandaza mfuko ndani ya sufuria. Mimina kilo 1.7 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 300 za kimea cha ngano, vyote vimesagwa kwa kupasuliwa tu, si unga, huku ukikoroga kwa mwiko mrefu hadi pasiwe na donge. Joto litatulia karibu na nyuzi 66. Funika, uivike sufuria blanketi zito, uiache saa nzima.

Katika saa hiyo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na unaweza kulishuhudia kwa kijiko. Dakika za mwanzo maji ni meupe na yana ladha ya unga. Kuelekea mwisho yamekuwa angavu, matamu, na yananata vidoleni. Joto likishuka chini ya nyuzi 63, rudisha moto mdogo ukikoroga. Likipanda juu ya nyuzi 70, bia itabaki nzito na yenye utamu usiochachuka, jambo usilolitaka katika eli ya kiangazi.

Inua mfuko, uache uchuruzike, uubane kati ya sahani mbili. Washa moto mkubwa. Karibu na kuchemka povu hupanda ghafla na likikukuta sebuleni litaosha jiko, basi simama hapo na upunguze moto likianza kuinuka. Povu likitulia chemsha dakika 75 bila mfuniko, ili mvuke uondoke na harufu ya mboga zilizochemshwa. Zikibaki dakika 60, tia gramu 20 za hopsi zenye asidi za alfa, ndizo zinazoleta uchungu, asilimia 5 hivi. Namba hiyo imeandikwa kwenye pakiti. Za aina kali zaidi, punguza kwa uwiano.

Zima. Iache ishuke hadi nyuzi 80, tia gramu 10 za hopsi za harufu pamoja na rosela au kamomili, zikiwa kwenye kitambaa chepesi. Dakika 15, kisha toa kitambaa. Usikikamue.

Sasa poza haraka. Ikalishe sufuria kwenye beseni kubwa la maji baridi, badilisha maji mara mbili au tatu, mwishowe tia chupa za maji zilizogandishwa. Maji ya beseni yafulie au yapigie deki. Katika mji wenye mgao wa maji si haki kuyamwaga. Tangu hapa kila kinachogusa bia lazima kiwe kimetakaswa kwa maji yaliyochemka au dawa ya kuua vijidudu. Ikifika nyuzi 18 hadi 20, imimine kwenye ndoo kutoka juu ili ishike hewa, upime: haidromita isome karibu na 1.042. Nyunyiza hamira, funika, na mpira mwembamba utoke kwenye mfuniko uishie ndani ya chupa ya maji.

Maji yangu yanachemka kwa nyuzi 94. Kipimajoto kimeharibika?

Hapana, uko Nairobi. Mji uko kati ya mita 1,600 na 1,850 hivi juu ya bahari, Embakasi ikiwa chini kuliko Karen, na hewa ikiwa nyepesi maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Kwa mpishi wa bia jambo hili lina uzito: hopsi hutoa uchungu wake polepole zaidi, na mvuke unahitaji muda zaidi kuondoa harufu mbaya. Ndiyo maana nimeandika dakika 75 badala ya 60, na gramu 20 za hopsi pale ambapo mpishi wa pwani angetumia 15.

Ni wakati gani hasa wa kutia maua?

Ua linalostahimili maji moto, rosela na kamomili, tia baada ya kuzima moto, kama nilivyoeleza. Ukilichemsha na hopsi saa nzima, harufu yote itaishia dirishani na utabaki na uchungu wa majani.

Asumini, waridi, lavenda na maua ya mlimau ni maua ya baridi. Subiri uchachukaji uishe kabisa, kwani ule uchangamfu wa siku za mwanzo hubeba harufu nje pamoja na gesi. Yazamishe kwenye kitambaa kilichochemshwa, kwenye ndoo, kwa siku moja hadi tatu. Onja kila siku. Siku unayosema "bado kidogo" ndiyo siku ya kuyatoa, kwa sababu ladha huendelea kukolea hata baada ya hapo. Kuna wanaotengeneza chai nzito ya maua na kuitia siku ya kujaza chupa, kijiko kwa kijiko hadi waridhike. Kwa lavenda hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Ni siku ya pili na sioni mapovu.

Angalia mfuniko kabla ya kuhuzunika. Ukivuja, gesi hupita pembeni na chupa ya maji hutulia huku bia ikiendelea. Fungua kidogo: ukiona povu la rangi ya maziwa au pete ya uchafu ukutani mwa ndoo, kazi inaendelea. Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 12 au chini yake, sakafu ya saruji huipoza ndoo hamira ikasinzia. Iinue juu ya ubao, uifunge blanketi. Ikipita saa 48 bila dalili yoyote, tia hamira mpya.

Februari nyumba yangu hufika nyuzi 26 mchana. Itaharibika?

Hamira ikifanya kazi kwenye joto hilo hutoa ladha ya ndizi na ya spiriti, na ua litapotea humo. Isimamishe ndoo ndani ya karai la maji, ivike fulana kuukuu ambayo ncha zake zinagusa maji, karibu na dirisha. Maji yakipanda kwenye kitambaa na kukauka, huipoza ndoo nyuzi kadhaa. Siku nne za kwanza ndizo za kuzilinda. Bora zaidi, pika Desemba, unywe Januari mwishoni.

Nitajuaje kwamba imeiva kwa chupa, na chupa gani?

Haidromita ndiyo mwamuzi, si mapovu. Ikisoma karibu na 1.009, na ikarudia namba ile ile kwa siku tatu, uchachukaji umekwisha; kwa kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Ukijaza chupa mapema, sukari iliyobaki huendelea kutoa gesi na kioo hupasuka. Nalisema hili kwa uzito wote: chupa inayopasuka hurusha vipande hadi machoni.

Yeyusha gramu 65 za sukari ya kawaida kwenye kikombe cha maji yanayochemka, ipoe, itie kwenye ndoo safi, kisha nyonya bia juu yake polepole ukiacha mashapo nyuma. Tumia chupa za kahawia, nene, zisizo na nyufa. Kioo cheupe au cha kijani huruhusu mwanga kuvunja hopsi, na bia iliyokaa juani hunuka kicheche. Anayeanza atumie chupa chache za soda za plastiki: ukiibinya ikawa ngumu, gesi imejaa. Wiki mbili ndani ya kabati lenye giza, kisha friji.

Imechacha kama siki. Inaokoleka?

Haiokoleki kama bia. Mara nyingi ni vijidudu vya siki vilivyoletwa na inzi wadogo wa matunda, au ndoo yenye mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Tupa ndoo iliyokwaruzika. Harufu ya siagi ni jambo dogo. Iache bia juu ya hamira siku tatu zaidi mahali penye joto kidogo, itaondoka.

Machicha ya kimea niyafanyeje?

Yana nyuzinyuzi na protini, na kuku huyapenda yakiwa mabichi. Yaliyobaki yakaushe juani, uyachanganye na unga wa chapati, sehemu moja kwa nne. Mashapo yenye hopsi yawe mbali na mbwa. Hopsi ni sumu kwao, hata kidogo.

Nani asinywe?

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na anayeendesha gari. Hao hata eli nyepesi si yao. Anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza kuhusu rosela, kwa kuwa nayo hushusha presha. Mwenye mzio wa chavua za mimea ya jamii ya alizeti aiogope kamomili. Ukimkaribisha mgeni, mtajie ua lililomo kabla hajaonja.

Itakaa muda gani, na iliwe na nini?

Harufu ya ua huwa bora ndani ya wiki sita za kwanza. Baada ya miezi mitatu imebaki eli ya kawaida. Rangi ya rosela hufifia kutoka wekundu kuelekea kahawia, hasa kwenye mwanga, bila kuharibu ladha. Inywe ikiwa nyuzi 6 hadi 8, si baridi ya kugandisha ulimi, la sivyo pua haipati kitu. Ya rosela inaenda na samaki wa kukaanga na kachumbari yenye pilipili. Ya kamomili naipenda na kuku wa kienyeji. Kwa bhajia za viazi na ukwaju, yoyote.

Nikitaka lita 20?

Zidisha kimea, maji na hopsi mara mbili, na utie pakiti nzima ya hamira. Maua usiyazidishe mara mbili kwa mkupuo: anza na mara moja na nusu, onja, kisha ongeza chai ya maua siku ya chupa kama bado unaitaka. Kupoza kutachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo gawa kwenye sufuria mbili.